Ungo na Gauni la Krismasi: Uhakiki wa Picha za Mji wa Sumbawanga

Kiswahili kina kitenzi chenye mikono mingi, nacho ni kupiga. Twapiga pasi, twapiga hodi, twapiga mbizi, twapiga ramli, na tangu kamera ilipofika katika nchi zetu twapiga picha. Mwingereza husema kwamba huitwaa picha, sisi twaipiga. Siku hizi vijana wameanza kusema kwamba wanachukua picha, na walimu wa lugha huwarudi kwa kosa la kufasiri neno kwa neno. Mimi pia nimewarudi mara nyingi. Walakini nikiitazama vizuri kauli yao naona kwamba kosa la lugha limefunua ukweli wa mambo. Kila picha imechukua kitu, na mtu aliyechukuliwa ana haki ya kuuliza kitu chake kimepelekwa wapi. Swali hilo ndilo shina la makala haya.

Huenda msomaji akastaajabu kuona jarida la fasihi linatoa kurasa zake kwa picha, kana kwamba mashairi na hadithi zimetuishia. Sababu yangu ni nyepesi. Katika nyumba zetu picha haikai peke yake. Hukaa na maneno. Geuza picha yoyote ya zamani iliyotundikwa sebuleni au kuhifadhiwa katika sanduku la nguo, nawe utakuta nyuma yake maandishi ya kalamu: neno Ukumbusho, jina la mtu, jina la mji, na siku. Maandishi hayo ni machache, lakini ni utungo. Yana mwandishi na msomaji, na yana kusudi la kusema kitu ambacho sura peke yake haiwezi kusema. Mhakiki aliyezoea kupima beti anaweza kuyapima maneno hayo pia, na kwa maoni yangu imempasa.

Picha ambazo nataka kuzijadili ni za aina mbili, nazo zote zapatikana kwa wingi katika mji wa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa. Aina ya kwanza ni picha za sikukuu: Krismasi na Pasaka, Idi, Mwaka Mpya, arusi, ubatizo, kipaimara, na siku za taifa. Katika picha hizi watu wamevaa nguo mpya, watoto wamepakwa mafuta yakang'aa, na maduka yamepambwa kwa karatasi za kumetameta na taa za rangi. Aina ya pili ni picha za siku ya kazi: soko, shamba, kisima, mkokoteni wa ng'ombe, fundi cherehani barazani, mama akichambua maharage. Za kwanza twazitafuta wenyewe na kuzilipia. Za pili aghalabu hupigwa na mtu mwingine, kwa haja zake mwenyewe.

Yafaa kwanza tuujue mji. Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uliozaliwa mwaka 1974. Umekaa juu ya uwanda mrefu ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa, upande wa mashariki, karibu na milima ya Mbizi. Ni nchi ya baridi. Mwezi wa Juni na Julai wazee hawavui makoti hata adhuhuri. Ni nchi ya mahindi, ulezi na maharage, na wenyeji wake walijulikana tangu zamani kwa kilimo cha matuta ya mviringo, ambayo nyasi zilifukiwa ndani yake zikaoza na kuwa mbolea. Krismasi huko si sikukuu ya kiangazi. Huja katikati ya masika, mahindi yakiwa machanga shambani na ghala zikianza kupungua, kwa hiyo gauni jipya la mtoto hununuliwa wakati ule ule ambapo fedha inahitajika kwa mbolea. Mtu asiyejua jambo hili hawezi kujua thamani ya gauni analoliona katika picha.

Jina la mji nalo lina habari yake. Hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na wazee husimulia kwamba mgeni aliyepanda kuja uwandani aliambiwa aache mambo hayo nje ya mji. Kwa hiyo ni jina la mji uliokataa uchawi. Ajabu ni kwamba katika nchi yetu nzima jina hilo limegeuzwa likawa mzaha wa uchawi wenyewe. Mtu akitoka Sumbawanga kwenda kusoma au kufanya kazi mbali, hapati juma moja kabla hajaulizwa kama amekuja kwa basi au kwa ungo. Nimeulizwa hivyo na wanafunzi wenzangu, na baadaye nimeulizwa na walimu wenzangu. Nilicheka pamoja nao, maana asiyecheka huzidi kushukiwa. Namwomba msomaji auweke mzaha huu akilini, kwani tutaurudia.

Tuulize sasa: ni nani waliotangulia kuitazama Ufipa na kuiwekea kumbukumbu? Joseph Thomson, Mskoti, alipita huko mwaka 1880, akawasifu wenyeji kwa ukulima wao kuliko watu wengi aliowaona njiani. Baada yake walikuja wamisionari wa shirika la White Fathers, waliokaa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1885, wakapanda mpaka uwandani. Kisha walifuata maofisa wa serikali za kigeni na wataalamu. Jambo lililowavuta wengi wao lilikuwa kazi ya kuyeyusha chuma. Wafipa walijenga tanuri refu la udongo, lililopita kimo cha mtu, lenye matundu chini ambayo upepo uliingia wenyewe bila mivukuto. Ndipo baadaye chuma kikasafishwa katika tanuri dogo. Mabaki ya matanuri hayo yangali yakionekana katika mashamba. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa makala ya Greig juu ya kazi hiyo, na katika miaka ya 1960 Roy Willis, mwanachuoni wa mila za watu, alikaa miongoni mwa Wafipa akaandika vitabu juu yao ambavyo vyasomwa hata leo.

Hatuna sababu ya kuwatukana watu hawa. Bila kazi yao tungelijua kidogo zaidi kuliko tujuavyo. Lakini yatupasa tuone namna ya kutazama kwao. Mgeni aliyekuja na kamera alitaka tanuri, na mtu aliyesimama karibu na tanuri alimfaa kwa kuonyesha kimo chake. Chini ya picha za namna hiyo, katika vitabu vya enzi ile kutoka pande zote za Afrika, msomaji atakuta jina la chombo, jina la kabila na jina la mahali. Jina la mtu ni nadra kama mvua ya Agosti. Fundi aliyejua siri ya moto, aliyekesha siku kadha wa kadha akilinda tanuri, ameingia katika kumbukumbu kama kipimo cha urefu.

Sasa twende upande wa pili, katika studio. Ufundi huu una ukoo wa heshima katika pwani yetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na watu wa kila daraja walikaa mbele ya kamera yake, kuanzia jamaa za kifalme hadi watu wa kawaida waliotaka ukumbusho. Katika kisiwa cha Lamu, Omar Said Bakor alijifundisha mwenyewe kukata na kuunganisha picha, hata akaweza kumweka mtu mahali ambapo hajapata kufika. Na katika miaka ya 1990, penye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walijenga vibanda wakavipamba kwa maua ya plastiki, karatasi za kung'aa na mapazia yaliyochorwa, ili mfanyakazi aliyetoka bara ajipeleke kwao nadhifu na kutuma picha nyumbani. Mbali na kwetu, Seydou Keïta aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 aliweka tayari vitu vya kuazimwa, kama redio na baisikeli, ili mteja apigwe navyo. Kila mahali kanuni ni moja: mtu aje na jina lake na nguo zake njema, na kazi yake aiache mlangoni.

Tukiweka mambo haya mawili pamoja twapata jambo la kusikitisha. Picha ya kazi haina jina, na picha yenye jina haina kazi. Mfipa wa karne ya 20 amebaki katika nusu mbili zisizokutana. Kwa muda mrefu niliamini kwamba nusu iliyo ya kweli ni ile ya kazi, na kwamba picha ya sikukuu ni uongo mtamu. Nimelifundisha jambo hilo darasani. Niliwaambia wanafunzi kwamba pazia la studio ni sawa na shairi la kusifu lililoandikwa kwa ajira: lina vina na mizani, lakini halina maisha ndani yake. Niliipenda tashbihi hiyo, nikairudia mwaka hata mwaka. Leo naiandikia makala kuikanusha, na sina budi kueleza kilichonibadili.

Mama yangu alipofariki, tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Tulipata moja tu iliyomwonyesha vizuri. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa katika studio moja ya Sumbawanga, na nyuma yake palikuwa na maandishi: Ukumbusho, Krismasi 1991. Mama amevaa gauni lenye kola pana, amesimama mbele ya pazia lililochorwa ziwa na mashua, mkono mmoja juu ya kiti. Mimi ni mtoto aliye upande wa kushoto, nimevaa viatu vilivyonibana. Nilipoiona picha ile siku ya msiba nilikasirika. Mwanamke niliyemjua aliamka kabla ya jogoo, alilima, alipepeta, alibeba kuni, na usiku alishona nguo zilizochanika kwa mwanga wa koroboi. Yule wa pichani alikuwa amesimama kama mgeni wa heshima anayesubiri gari. Nikasema moyoni kwamba tumemzika mtu ambaye sura yake ya kweli haikupata kuwekwa popote.

Miezi kadhaa baadaye nilimtembelea mzee aliyeipiga. Studio yake ilikuwa imekwisha kufungwa; simu za mkononi zimeua studio nyingi, na zilizosalia zaishi kwa picha ndogo za pasipoti na fomu za shule. Mzee alikuwa amekaa barazani akiota jua. Nikamsalimu, "Shikamoo, mzee," akaitikia, nikamwonyesha picha. Aliitambua mara moja. Alinieleza jinsi mkanda wa picha 36 ulivyokuwa ghali wakati ule, jinsi alivyosafisha picha usiku katika chumba kilichozibwa kwa blanketi, na jinsi foleni ya Krismasi ilivyoanza mara baada ya misa na kufika barabarani. Nikamwambia malalamiko yangu. Nikamwuliza kwa nini, katika miaka yote ile, hakumpiga mama yangu picha hata moja akiwa katika kazi zake.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilimwomba. Nilimkuta nyumbani kwenu akipepeta ulezi, jua la jioni limepiga makapi yakawa kama vumbi la dhahabu. Nikamwambia, mama, kaa hivyo hivyo. Akauweka ungo chini, akaniambia, 'Baba, unataka nikaonekane huko mbali, mwanamke wa Sumbawanga na ungo wake?' Nikaona aibu. Nikaondoka."

Naam. Mimi, niliyechekewa juu ya ungo katika mabweni na katika ofisi, sikuwa nimefikiri kwamba mama yangu aliujua mzaha ule kabla yangu. Ungo ni chombo cha kazi. Hapana nafaka inayofika chunguni bila kupita juu yake. Lakini katika macho ya watu wa mbali ungo wa mwanamke wa Ufipa umekwisha pewa maana nyingine, na maana hiyo si ya mchezo. Twajua kwamba katika mikoa ya magharibi na kanda ya Ziwa Victoria wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na kwamba macho mekundu yaliyoletwa na miaka mingi ya moshi wa jikoni yamekuwa ushahidi dhidi yao. Mwanamke anayekataa kupigwa picha na ungo hafanyi ujinga wala majivuno. Anajilinda.

Hapo ndipo nilipoielewa picha ya Krismasi upya. Lile gauni halikuwa uongo. Mama alikuwa mtunzi wa picha yake. Alichagua vazi, siku, mahali pa kuweka mkono na kitu cha kuacha nje. Ikiwa mshairi ana haki ya kuchagua neno na kulikataa jingine, kwa nini mwanamke mkulima asiwe na haki hiyo juu ya sura yake mwenyewe? Niliyoyaita mapambo matupu yalikuwa maneno ya mtu anayejua kwamba asiposema mwenyewe atasemewa. Na viatu vilivyonibana, ambavyo kwa miaka mingi nilivikumbuka kwa kuchekesha watu, vilinunuliwa kwa fedha ya mfuko wa mbolea. Jambo hilo halionekani pichani, lakini limo.

Walakini sitaki kutoka kosa moja na kuangukia jingine. Kusema kwamba picha ya sikukuu ni halali si kusema kwamba yatosha. Hasara ya ile jioni ya ulezi ni hasara kweli. Hapana atakayeona tena namna mikono ile ilivyotikisa ungo, wala yale makapi juani. Mama alikuwa na haki ya kukataa, na sisi tumepata hasara kwa kukataa kwake. Mambo yote mawili ni kweli, na la pili halifuti la kwanza. Yatupasa basi tuulize lawama ni ya nani. Mzee wa studio aliomba akakataliwa, naye akatii. Lawama ni ya yale maneno yaliyokuwa yakiingojea picha ile kabla haijapigwa. Kabla mzee hajainua kamera, maelezo ya chini ya picha yalikuwa yamekwisha kuandikwa na watu ambao hawajapata kufika Ufipa.

Kwa hiyo suala letu ni la fasihi hasa. Kamera haijui uchawi. Nuru iliyoingia ndani yake ingeliandika ungo, ulezi, mikono na jua. Maneno ndiyo yanayogeuza kazi kuwa kioja. Nimeona, katika simu za watu, picha ya kikongwe mmoja wa mkoani kwetu akianika nafaka, imeandikwa chini yake mzaha wa usafiri wa usiku, na maelfu ya watu wakaicheka. Aliyeipiga yawezekana hakuwa na nia mbaya. Aliyeiandikia maneno alimvua yule bibi heshima yake kwa sentensi moja isiyofika maneno kumi. Twawafundisha vijana uzito wa beti na riwaya. Mara ngapi tumewafundisha uzito wa sentensi ya chini ya picha? Ni utungo mfupi kuliko yote tuliyo nayo, na kwa sasa ndio unaosomwa na watu wengi kuliko yote.

Nataka kutoa mfano wa kazi njema, ili uhakiki wangu usiwe wa kubomoa tu. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Sumbawanga, alileta darasani picha aliyoipiga kwa simu mchana wa tarehe 24 Desemba. Ni ya dirisha la duka la nguo. Ndani ya kioo pamesimama sanamu tatu za kuonyeshea nguo, mbili kubwa na moja ya mtoto, zimevalishwa mavazi ya sikukuu. Juu yao zimening'inia karatasi za fedha na mlolongo wa taa ndogo. Mpaka hapa ni picha ya mapambo kama elfu nyingine. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa na maji, na kioo kimetwaa kila kitu kilichokuwa nyuma ya mpiga picha: mkokoteni wa ng'ombe uliopakia mifuko ya mbolea, kijana aliyeushika usukani wa baisikeli, na mwanamke aliyesimama na mtoto mgongoni akitazama ndani. Uso wa mwanamke umeangukia hasa juu ya gauni la ile sanamu kubwa, hata huwezi kusema kama amelivaa au analitamani.

Nilimwambia kwamba alikuwa amekutana, bila kujua, na Eugène Atget, aliyepiga mitaa na madirisha ya maduka ya Paris miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1927, naye pia aliuacha mji uanguke ndani ya kioo cha duka. Hata hivyo thamani ya picha ya mwanafunzi yangu haitoki Paris. Yatoka katika ile mbolea. Mtu wa Ufipa akiiona picha hii husoma hesabu nzima ya mwezi wa Desemba: gauni au mfuko, mtoto au shamba. Sikukuu na siku ya kazi, ambazo tumezoea kuzitenga, zimekaa juu ya kioo kimoja. Malick Sidibé wa Mali alifanya jambo la jamii hiyo kwa njia nyingine. Usiku wa Noeli mwaka 1963 aliwapiga picha kijana na msichana wakicheza dansi, vichwa vimekaribiana. Kijana yu ndani ya suti, msichana yu miguu mitupu. Ile miguu ndiyo inayofanya sikukuu yao iaminike.

Lakini mwanafunzi alifanya jambo jingine ambalo nalisifu kuliko ustadi wake. Alipogundua kwamba uso wa yule mama umetokea kwenye kioo, alimfuata, akamwamkia, akamwonyesha simu. Yule mama alicheka, akaruhusu, akataka atumiwe nakala. Chini ya picha mwanafunzi ameandika majina ya mtaa, siku na saa, na kwamba mama huyo alikuwa amekuja mjini kununua mbolea na viatu vya mtoto. Jina lake hakuliandika, kwa kuwa mwenyewe alilitaka likae kwake. Tanzania leo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ni jambo jema kuwa nayo. Hata hivyo adabu ya kumwamkia mtu kabla ya kumtwaa ni ya zamani kuliko sheria hiyo, na haina haja ya hakimu.

Kutokana na mifano hii naweza kutaja vipimo ambavyo ningependa wahakiki wa picha za kwetu wavitumie. Swali la kwanza ni hili: aliyepigwa alikuwa na sauti gani katika utungaji? Mama yangu alikuwa na sauti kubwa, na ndiyo maana picha yake ya Krismasi ni kazi ya sanaa, ingawa pazia lake limechorwa vibaya. Swali la pili: picha inaonyesha gharama ya kile inachoonyesha? Dirisha la duka bila barabara ni tangazo la biashara. Dirisha lenye barabara ndani yake ni habari ya mji. Na la mwisho ni la maneno: je, yaliyoandikwa chini yamemwongezea mtu, au yamempunguza? Picha inaweza kufaulu katika maswali mawili na kuharibika katika la tatu, nalo moja latosha kuiharibu yote.

Yuko atakayesema kwamba nadai mno. Kwamba mtaa una kasi yake, na mpiga picha akisimama kuomba ruhusa kwa kila mtu, uhai wa tukio utakuwa umekwisha kupita. Hoja hii ni ya haki, nami siipuuzi. Mzee wa studio aliomba kwanza, akaikosa jioni ya ulezi. Mwanafunzi alipiga kwanza akaomba baadaye, akapata picha. Pengine njia ya mwanafunzi ndiyo yenye hekima kwa zama za simu, maadamu mpigaji yu tayari kufuta aambiwapo afute. Utayari huo ndio mtihani. Asiye nao si msanii wa mtaa, bali ni mwindaji.

Yako pia mambo ya kuhifadhi, ambayo nitayagusa kwa ufupi. Picha ya 1991 imeishi miaka zaidi ya thelathini katika sanduku la bati, pamoja na kanga na dawa ya nondo. Picha za simu hufa pamoja na simu. Mji wenye wapiga picha wengi kuliko wakati wowote waweza kubaki na kumbukumbu chache kuliko zama za mkanda wa picha 36. Nawasihi walimu wenzangu wa Rukwa wawape wanafunzi wao kazi moja kila mwaka: picha moja ya sikukuu na moja ya siku ya kazi, zichapwe katika karatasi, na nyuma ya kila moja paandikwe kwa wino nani, wapi, lini, na sentensi mbili ambazo aliyepigwa amezisikia na kuzikubali. Baada ya miaka ishirini shule itakuwa na hazina ambayo hapana mgeni awezaye kututungia.

Nami nimeanza kwangu. Dada yangu anao ungo wa mama. Ukingo wake umeshonwa upya kwa kamba mara mbili. Krismasi iliyopita, baada ya misa, alitoka nje akiwa bado na gauni lake la sikukuu, akaanza kupepeta mchele wa wageni. Nikamwuliza kama naweza kumpiga picha. Alinitazama, akajua nawaza nini, kwa maana mzaha ule ameusikia maisha yake yote. Akasema, "Piga, kaka. Lakini maneno nitaandika mimi." Nimeichapa. Nyuma yake, kwa mwandiko wake, pana jina lake kamili, jina la mama, neno Sumbawanga, na sentensi moja isemayo kwamba ungo huu umelisha watu tisa.